Tulivyoitafuta Sanje kwenye Simu ya Mayu

Siku ile barazani tulikuwa wanne. Mimi, niliyeshika nyumba tangu wazazi wetu walipofariki. Mdogo wangu anayenifuata, aliyerudi likizo kutoka chuoni. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa akifukuza kuku kwenye mpunga tulioanika. Na jirani yetu Msukuma, mke wa mfugaji, ambaye mtaa mzima tunamwita mayu, yaani mama kwa lugha yake. Alikuwa amepita kutuuzia maziwa tu, lakini alikaa hadi jioni.

Mdogo wangu alikuwa akiandika ripoti ya mwisho ya chuo, kuhusu visima vya maji katika bonde la Kilombero. Mwalimu wake aliirudisha. Alitaka idadi ya watu wa kila kata kama ilivyo kwenye sensa, si makadirio, na aliitaka kabla ya saa kumi jioni siku hiyo. Isipofika, mdogo wangu angerudia mwaka. Mimi niliacha shule kidato cha pili ili hawa wawili wabaki darasani. Uzito wa mwaka mmoja niliujua, ila sikumwambia.

Asubuhi alikuwa amejaribu kupakua kitabu kizima cha sensa, kurasa mamia kwa mamia, na simu yake ikaganda. Tovuti nyingine ilimtaka ajisajili. Akajisajili. Ikamtaka athibitishe. Akathibitisha, ikamwonyesha matangazo ya viatu mpaka bando likaisha. Nilipomwona anafuta macho kwa ukingo wa kanga, nikajifanya nageuza mpunga.

Mayu hakujifanya. Alitua kidumu cha maziwa, akafungua fundo la kitenge chake, akatoa simu kubwa mpya.

"Shika hii. Ina bando la wiki nzima. Mimi najua kupiga na kupokea, mengine yanaozea humo."

Tukaanza upya. Mimi nafanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga, napokea magunia. Pale kwetu mteja haingii ghalani kutoa magunia ya watu wote ili apate lake. Anasimama mlangoni, anataja alama aliyofunga, kitambaa chekundu au mafundo mawili ya kamba, analetewa. Nikamwuliza mdogo wangu, "Hakuna sehemu unataja lako tu, ukaletewa?"

"Dada, hii si mashine ya mpunga."

"Najua. Wewe uliza."

Aliandika kwa kununa, akitafuta takwimu za sensa kwa kata, si kitabu. Akafungua kurasa mbili tatu, akazifunga. Ya nne ilikuwa na ramani ya Tanzania na maneno ya Kiswahili. Unabonyeza mkoa, unachagua halmashauri, unaweka alama kwenye kata unazozitaka, kisha unabonyeza "pakua". Haikuuliza jina la mtu. Akachagua Morogoro, akachagua Mlimba, na jedwali likashuka, dogo, jepesi, hata mimi ningeweza kulisoma.

Alirukaruka. Ilikuwa imeshapita saa tisa. Kabla hajatuma nikamwomba anisomee kata moja moja, maana nilitaka kusikia ya kwetu. Akasoma, akafika Masagati, akaendelea mpaka mwisho.

"Sanje je?" nikauliza. Mama yetu alizaliwa Sanje.

Akatazama juu, akatazama chini. "Haipo."

"Na sisi hapa Ifakara?"

"Dada, na sisi hatupo."

Mayu akaangua kicheko. "Siku ya kuhesabiwa watu wa Sanje walipanda mlimani kuwakimbia makarani. Ninyi mlikimbilia wapi?"

Kosa lilikuwa letu sote. Huku bondeni tunasema Kilombero, na tukisema hivyo tunamaanisha kote, kuanzia chini ya Udzungwa hadi kule mbele ya Mlimba. Lakini halmashauri ni mbili siku hizi, Mlimba na Mji wa Ifakara, na kila moja ina orodha yake. Angetuma vile, nusu ya bonde ingekosekana, na mwalimu angeirudisha tena.

Akarudi kwenye ramani, akachagua Ifakara, akaweka alama zote. Mtandao ukaanza kusuasua. Jedwali lilikuwa katikati ya kushuka simu ilipoita.

Mayu akachungulia. Alikuwa mume wake. Yuko mbali akichunga ng'ombe, na mtandao anaupata akipanda juu ya kichuguu kimoja tu, tena si kila siku.

"Pokea, mayu," nikasema.

"Nikipokea, hiyo yenu itakatika?"

Mdogo wangu akainamia simu. "Inaweza kukatika."

Mayu akarudisha mkono mapajani. "Basi iite."

Iliita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Kitinda mimba aliacha kuku wale mpunga, akasimama akituangalia. Iliponyamaza mara ya pili, jedwali lilikuwa limefika.

Yalitumwa yote mawili kabla ya saa kumi. Mwalimu alijibu neno moja, "Nimepokea." Mdogo wangu akanionyesha mstari wa kata yetu kwa kidole, namba tupu, bila jina la mtu.

"Sisi watatu tumo humu?"

"Tumo, dada."

Nikamkumbuka karani wa sensa aliponiuliza mkuu wa kaya ni nani. Niligeuka kwanza nikatazama ndani, ndipo nikasema ni mimi.

Mayu alipiga. Haipatikani. Alipiga tena amesimama, akapiga tena akiwa njiani, hadi tukaacha kumwona. Maziwa yaliyobaki kidumuni yalikuwa yameshaganda, alikuwa ametuachia tunywe mtindi.

Mdogo wangu alifaulu. Nilimpelekea mayu mchele, akaupokea. Nilikwenda kumpalilia shamba siku mbili, akanipikia. Mume wake aliporudi, wiki kadhaa baadaye, nilimwuliza mayu yule bwana alitaka kusema nini siku ile.

"Anasema amesahau."

Mtu alipanda kichuguu, akapiga mara mbili. Hilo sijapata la kulilipia.