Msumeno wa Njano na Msumeno wa Hamisi

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili, ikikutana na utomvu wa mti uliokatwa asubuhi hiyo hiyo, ndiyo iliyokuwa harufu ya nyumba yetu. Ilikaa kwenye makoti, kwenye mablanketi, hata kwenye ndizi zilizovundikwa jikoni. Tuliishi juu ya Tengeru, kwenye mteremko wa Mlima Meru, ambako migomba na kahawa hukua chini ya miti mirefu ya kivuli, na baba yangu alikuwa mwangusha miti. Nilikuwa na miaka kumi. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, na watu walilitamka neno hilo huku wakicheka kidogo, kwa sababu vitu ambavyo zamani tuliviona kwa wakubwa tu vilikuwa vimeanza kupangwa chini sokoni: betri, redio, viatu vya ngozi, pampu za maji. Misumeno ya injini nayo ilikuja wakati huo. Kila mtu aliiita chenso.

Chenso ya baba haikutoka sokoni. Ilitoka katika shamba kubwa la kahawa lililokuwa mali ya umma, ambalo lilipopata wamiliki wapya liliuza vyombo vyake vikuukuu kwa yeyote aliyevitaka. Ilikuwa ya njano, rangi imebabuka kwenye pembe, na injini yake ilizidi cc mia moja, sawa na ya pikipiki. Bapa lake, lile ambalo mnyororo huzungukia, likisimamishwa lilinifika kifuani. Haikuwa na breki. Mishikio yake ya chuma ilifungwa moja kwa moja kwenye injini, bila mpira wowote katikati, kwa hiyo kila mpigo wa injini uliingia mwilini mwa aliyeishika. Sauti yake ilikuwa nzito, ya kukoroma, na mama akiwa anapalilia kahawa aliweza kusema baba yuko kwa nani na mti umefikia wapi. Mama ndiye aliyeunoa mnyororo wake. Baba yake alikuwa mpasua mbao wa enzi za msumeno wa watu wawili, na alimfundisha kushika tupa kabla hajamfundisha kushika mwiko. Kila jioni aliketi kwenye kigoda akapitisha tupa jino kwa jino, mara tatu kila jino, bila kuhesabu kwa sauti.

Msumeno wa pili ulikuwa wa Hamisi. Hamisi alikuwa Mrangi aliyezaliwa Daraja Mbili, mjini Arusha, mtu mwembamba wa rika la baba, na alipanda kwetu siku za soko kutafuta kazi. Chenso yake ilikuwa imeshatumika Ulaya kabla ya kufika dukani mjini: ya rangi ya chungwa na nyeupe, injini ndogo kidogo kuliko ya baba lakini bado kubwa, yenye breki mbele ya mshikio na vipande vya mpira vilivyotenganisha mikono na injini. Aliibeba ndani ya gunia safi, kama mtu anayepeleka jogoo wa zawadi. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda," baba alisema alipoiona, ingawa haikuwa mpya, na umri wake haukupishana sana na wa ile ya njano.

Kwa miezi kadhaa wanaume wale wawili walibishana kwenye kibanda cha chai karibu na soko, na wapo waliokuja kunywa chai kwa ajili ya kuwasikiliza. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Baba alisema ya njano haijawahi kukwama kwenye mti mnene, na ilikuwa kweli: niliwahi kuiona ikipita kwenye gogo la mringaringa lisilokumbatiwa na mtu mmoja, nayo haikubadili mlio. Hamisi alisema yake inawaka kwa mvuto wa pili, wakati ya njano ilitaka kubembelezwa, na kamba yake ya kuwashia ilimrudi mtu kama teke la punda. Hilo nalo lilikuwa kweli.

"Yako inaimba," baba alimwambia siku moja. "Yangu inakata."

"Inakata, Baba Aneth, sibishi," Hamisi alimjibu, akimwita kwa jina langu. "Lakini inakukata na wewe."

Watu walicheka. Baba alicheka pia, akaingiza mikono mfukoni.

Mimi nilishajua habari za mikono. Julai ile ukungu ulikaa hadi karibu na saa sita mchana, na baba alikuwa akirudi vidole vimekuwa vyeupe kama mshumaa, kuanzia nchani hadi kwenye kifundo cha pili. Jumapili aliniita nimfunge vifungo vya shati la kanisani. "Baridi tu," alisema, na nilimwamini. Kisha siku moja aliipua sufuria ya ugali kwa mikono mitupu, akatembea nayo hadi mezani, akaiweka taratibu kabisa. Malengelenge yalitoka tukiwa tunakula. Mama aliyatazama.

Mwezi huo huo kamati ya shule iliamua kuangusha mkaratusi uliosimama uani tangu enzi za walowezi. Ulikuwa umeanza kuegemea madarasa mawili, na mvua za vuli zingeukuta hivyo. Baba na Hamisi waliitwa wote wawili. Baba alisema bapa lake pekee ndilo linaloweza kuvuka shina lile, na Hamisi alikubali, akabaki na kabari na nyundo. Mwalimu alitupanga wanafunzi mwisho wa uwanja wa mpira. Mama alikuja na chupa ya chai, akasimama nasi.

Baba alikata pengo upande ambao mti ulipaswa kulalia, mbali na madarasa, kisha akazunguka nyuma. Hamisi alipigilia kabari nyuma ya mnyororo, moja baada ya nyingine. Mti ukalia. Ni sauti moja tu, kama kitasa kikubwa kinachofunguliwa, na mwangusha miti anapoisikia huachia kila kitu akaondoka. Baba hakuondoka. Alisimama pale, ameinama, chenso ikinguruma kwa nguvu yote. Nilidhani anaendelea kukata. Mama alishaelewa. Alipiga kelele jina lake la ubatizo, ambalo sikuwahi kumsikia akilitumia mbele ya watu.

Hamisi alitupa nyundo. Alimshika baba mkanda wa suruali kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akambandua vidole kwenye mshikio, kimoja kimoja, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Wakaanguka pamoja, wakabingirika hadi kwenye ukingo wa bustani ya shule. Mkaratusi ulilala pale pale ulipopangwa kulala. Kitako chake kiliruka nyuma, kikapita mahali baba alipokuwa amesimama.

Wanafunzi walishangilia, kwa sababu kwao mti ulikuwa umeanguka vizuri. Baba aliketi chini akitazama vidole vyake. "Niliviambia viachie," alisema. "Havikunisikia." Mama alimimina chai, lakini hakumpa kikombe. Alipiga magoti akamnywesha, mbele ya kamati, mbele ya walimu na shule nzima, na baba alikunywa macho yakiwa chini.

Msumeno wa njano ulipona, mshikio ukapinda tu. Siku sita baba hakuugusa. Siku ya saba aliunyoosha kwa nyundo, akautoa mnyororo, akauweka mapajani mwa mama kama kila siku. Mama akaurudisha mezani.

"Sinoi," alisema. "Sitanoa meno yanayomla mume wangu."

Baba alichukua tupa mwenyewe. Aliketi nayo muda mrefu. Kunoa ni kazi ya ncha za vidole, na ncha zake hazikujua tena tupa imegusa jino au imeteleza. Alikwenda kazini na mnyororo aliounoa yeye, akarudi mapema. Msumeno ulikuwa ukitoa unga laini badala ya chembe, kama wenye meno butu, na kwenda upande. Wiki iliyofuata Hamisi alipanda kutoka mjini na minyororo yake miwili, akamwomba mama amnolee. Akamwomba na baba amsaidie kusoma miti: unaegemea wapi, umeoza wapi, utaanguka wapi. Baba alimaliza chai yake. Kisha akauliza wanaanzia kwa nani. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, Hamisi akikata na baba akielekeza kwa fimbo, na sikumbuki mti wao uliokwenda kusikotakiwa.

Sasa ninaishi Sokon I, mjini Arusha. Chenso za siku hizi ni nyepesi, vijana huzipandisha mtini kwa mkono mmoja kukata matawi yanayogusa nyaya za umeme, na nikienda Tengeru naona zaidi kuta na mabati kuliko shina lolote ambalo lingehitaji injini ya cc mia. Vitu havina uhaba tena. Kifaa kikimuumiza mtu, anaweza kununua kingine, akiwa na uwezo. Mwaka jana nilimuuliza baba, ambaye bado hafungi vifungo vyake mwenyewe, ni msumeno upi kati ya ile miwili uliokuwa bora. Nilitarajia ubishi wa zamani.

"Wa Hamisi," alijibu. "Nilijua tangu siku ya kwanza aliponishikisha."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilikuwa nimefanya kazi kwenye lile shamba la kahawa miaka kumi na tisa," alisema. "Ule wa njano ndicho kitu pekee nilichotoka nacho."