Boti Iliyokandikwa

Mimi pilau sili. Kwenye harusi watu hunishangaa, wengine hudhani najidai. Wala! Harufu yake tu ikinifikia, naikumbuka boti ya kijiji.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa upande wa Handeni, kando ya mto Pangani. Hospitali, soko na reli, vyote vilikuwa ng'ambo, Korogwe. Kabla ya kijiji kuanzishwa, baba yangu alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi wake, aliouchonga mwenyewe kwenye gogo la mvule. Mwenyekiti wetu alikuwa kijana aliyetoka Chanika, mtu wa jembe, maji aliyajua ya mtungini. Akasema mtu mmoja kumiliki kivuko ni unyonyaji. Mtumbwi ukavutwa nchi kavu, na kijiji kikaletewa boti ya mbao yenye makasia mawili.

Sasa sikia. Mwenyekiti aliamuru boti iwekwe ghalani, pamoja na majembe na mahindi, isije ikalowa. Baba akaenda kumwona. Mwenyekiti akamwamkia vizuri kabisa, "Shikamoo mzee," lakini kumsikiliza hakumsikiliza.

"Chombo cha mbao hukaa majini, mwanangu," baba alisema. "Kikikauka kinaachia."

"Mzee, mali ya kijiji haiachwi nje ikaoza. Wewe jembe lako unalilaza mtoni?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Kiangazi kizima boti ilikaa humo. Ilipotolewa, kwa kuwa mgeni wa serikali alikuwa anakuja kuizindua, mbao zilikuwa zimeachana hata kidole kinapita. Badala ya kumwita baba, mwenyekiti akatuita wanawake. Ati tuikandike! Kama ukuta! Tukaenda kwa jirani zetu wafugaji kuomba mavi ya ng'ombe. Mama mmoja akauliza tunajenga nyumba ya nani. Tulipomwambia ni boti, alicheka mpaka akakaa chini. Tukachanganya mavi na udongo wa kichuguu, tukakandika, tukalainisha kwa viganja, kisha ikapakwa rangi ya kijani. Kwa mikono yangu hii.

Mgeni aliiona ikiwa juu ya magogo, haijaguswa na tone la maji, akapiga makofi na kuhutubia. Kisha tukala pilau. Kuni zilikuwa zimepungua, basi wakaupasua mtumbwi wa baba. Mvule mkavu, unawaka vizuri. Baba alisimama akaangalia, halafu akaenda zake nyumbani. Mimi nilikula sahani mbili.

Hazikupita wiki tatu, masika imejaza mto, mwanangu wa kwanza akashikwa na homa. Hakuwa ametimiza mwaka. Shingo ilikakamaa, akawa analia kwa sauti nyembamba ambayo sikuitambua. Asubuhi tukaishusha boti: mimi na mtoto, baba na mume wangu kwenye makasia, na mwenyekiti, aliyekuwa na mkutano Korogwe, kavaa suti nyeupe ya mikono mifupi na kofia.

Hata katikati hatukufika. Kwanza yaliingia maji ya kahawia, halafu yakaja mavi yenyewe, mabonge kwa mabonge, yakielea kwenye magoti yangu na kunuka zizi. Nikamnyanyua mtoto juu ya bega.

"Choteni maji!" baba akapiga kelele. Kopo hapakuwa na kopo. "Mwenyekiti, vua kofia hiyo uchote!"

Mwenyekiti alikuwa amekunja suruali na kuinua miguu juu ya ubao, kaishikilia kofia kichwani.

"Rudini," alisema. "Nitachafuka."

Nitachafuka! Mto unatumeza, mtoto anakakamaa mikononi mwangu, yeye anawaza nguo! Nilimtemea mate. Sijawahi kumtemea mtu mate kabla wala baada, na sijutii.

Tulirudi, tungefanya nini? Boti ilizama tukiwa tumeshagusa matete. Baba alisimama ukingoni akitweta, akitazama pale mtumbwi wake ulipokuwa umelala. Tukashika njia kwa miguu kuzungukia darajani, tukafika hospitali kesho yake, mavi yamenikaukia miguuni. Daktari alimpima mtoto, akasema ni homa ya uti wa mgongo. Akasema tungemleta jana.

Alipona. Nasema alipona kwa sababu alitembea, akakua, leo ni fundi seremala pale Manundu na ana watoto wake. Lakini siku tuliyorudi kijijini niliangusha sufuria nyuma yake, nzima nzima, kwenye sakafu, na hakugeuka. Nikaiokota, nikaiangusha tena.

Ni mtoto mwenye adabu. Kila harusi hunichagulia nyama nzuri, akaniletea sahani ya pilau kwa mikono miwili, akasimama anangoja nile. Tumetunga ishara za mikono za mambo mengi, mimi na yeye. Ya jambo hili sijaitunga. Nameza matonge mawili mbele yake huku natabasamu, naye akishageuka, naenda nyuma ya nyumba kutapika.