Medali Isiyo na Sumaku

Ndolo hakuwa mtu wa kusamehe, na wala hakujifanya. Kibandani kwake mtaani Noonkopir alichonga maandishi kwenye vikombe vya mashindano na vibao vya milango, na kila mteja aliijua kanuni yake: kwanza picha kwenye karatasi, uiangalie vizuri, usaini. "Shaba haina raba," alizoea kusema.

Hadi mwaka wa 1994 alikuwa mtunza maabara katika shule moja ya upili huko Kajiado. Hapo ndipo alipounda mashine ya upepo ya kuwasha taa: mapanga ya bati, waya, na sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu. Mwalimu wa fizikia, Gakuru, akaipeleka mashindano ya sayansi kwa jina lake mwenyewe, akashinda. Ndolo alipolalamika, akafutwa kazi. Eti mfagiaji wa maabara anajua nini! Neno hilo lilimkaa kooni miaka kumi na miwili. Alitaka kitu kimoja tu: Gakuru alitaje jina lake mbele za watu.

Mwaka wa 2006 Gakuru akawa anastaafu. Shule ikamwagizia medali ya kuenzi kazi yake ya fizikia, iwe na picha ya mashine ile ile, ikamtuma yeye mwenyewe akaikague kwa fundi. Akaja na miwani mipya, asimtambue Ndolo hata kidogo. Aii, hilo lilimchoma zaidi! Ndolo akachora mapanga, akachora waya, akachora taa. Sumaku akaiacha makusudi.

"Iko sawa, mwalimu?"

"Sawa kabisa. Hivi ndivyo nilivyoiunda." Akasaini.

Siku ya sherehe Ndolo aliipeleka medali mwenyewe, akaketi nyuma. Mkuu wa shule, Madam Soila, akaipitisha kwa wanafunzi. Msichana mmoja wa kidato cha tatu akainua mkono.

"Mwalimu, na sumaku iko wapi? Bila sumaku taa itawaka aje?"

Wenzake wakaanza kucheka. Gakuru akaigeuza medali huku na huku. "Fundi ndiye amekosea!"

Ndolo akasimama na karatasi yake. "Saini ni ya nani, mwalimu? Si ulisema ndivyo ulivyoiunda?"

Gakuru akamtazama, safari hii sawasawa. "Ndolo," akasema chini chini.

"Sauti, mwalimu," Ndolo akamwambia. "Wa nyuma hawajasikia ni nani aliyeiunda."