Wanaobaki Chombo Kinapopaa

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani hata leo, nikiwa nimekaa hapa Ilomba, Mbeya, na blanketi magotini. Ilikuwa miaka ya sabini, wakati wa kuvuna vitunguu kule Ruaha Mbuyuni. Jua lilikuwa limewaka mpaka milima ya Kitonga ikaonekana kama moshi, na lori moja refu lenye namba za Zambia likasimama pembeni ya lami, mbele kidogo ya banda letu la kuanikia vitunguu. Giaboksi ilikuwa imekufa kabla hata lori halijaanza kupanda mlima. Dereva akashuka, akachungulia chini ya lori, akatikisa kichwa. Kisha akaja kivulini kwetu kuomba maji.

Aliitwa Ambakisye. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, lakini alikulia Kitwe, kule kwenye migodi ya shaba, alikofanya kazi baba yake. Akiongea ungesikia Kinyakyusa, Kibemba na Kiswahili vikipishana kama magari kwenye daraja jembamba. Mwenzake alipanda basi kwenda kutafuta kipuri. Iringa hakikuwepo, Mbeya hakikuwepo, ikabidi kisubiriwe kutoka Zambia. Siku zikawa wiki. Mtu mzima hawezi kushinda akilitazama lori tu, basi akaanza kutusaidia kukata majani ya vitunguu. Mikono ikiwa kazini, mdomo wake ukaanza kutuhadithia televisheni.

Wewe umezaliwa ukaikuta televisheni ukutani, kwa hiyo huwezi kujua tulivyosikiliza. Sisi huku bara hatukuwa nayo. Redio tuliijua, ila sanduku lenye watu ndani! Aliponielezea mara ya kwanza niliwaza madirisha ya kanisani, yale yenye watakatifu wa rangi, isipokuwa hawa watakatifu wangegeuka na kukutazama.

Kule Kitwe jirani yao alikuwa na televisheni, na jioni nusu ya mtaa ilijazana sebuleni kwake. Michezo aliyoipenda Ambakisye ilikuwa ya watu wanaosafiri angani ndani ya chombo kikubwa kama kijiji, kila wiki nyota mpya. Alitusimulia mmoja baada ya mwingine, na baada ya muda hata sisi tukaanza kujua kitakachokuja. Kuna mambo hayakukosekana. Mashine ililelewa na binadamu, ikaanza kuuliza kwa nini yenyewe haiwezi kulia. Mtu alikutana na mwingine mwenye sura yake hasa, na wenzake wakashindwa kujua yupi ni yupi. Kulikuwa na mji ambao kila mtu anacheka asubuhi mpaka jioni, kumbe hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Saa zilirudi nyuma, mtu akamkuta mama yake angali msichana. Na milango ilifunguka yenyewe bila kusukumwa, jambo ambalo wanawake wa bandani walimfanya alirudie mara nyingi kuliko yote.

Mimi nilikuwa msichana wa kuolewa wakati huo. Nilikuwa nikikata vitunguu huku macho yakiniondoka. Mchana, joto likipanda, mchanga wa kando ya Mto Ruaha unatetemeka kama maji, na mimi niliona kabisa chombo kikishuka pale, cheupe, bila kelele, mlango unafunguka, napanda. Kisu kilishanikata mara kadhaa kwa ajili ya ndoto hizo. Na anayeniita kutoka ndani ya chombo, sitakuficha, alikuwa na sauti ya Ambakisye.

Jioni moja, tukiwa tunafunga magunia, aliniambia taratibu, "Lori likipona, twende wote. Ukaione Kitwe. Ukae sebuleni uone kwa macho yako."

Nikainama kufunga gunia. Lakini moyoni nilikuwa nimeshapanda.

Shangazi Koleta, dada wa baba, ndiye aliyenilea. Tulihamia pale kutoka Kalenga kwa ajili ya kilimo cha vitunguu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hadithi za Ambakisye alizisikiliza zote bila kucheka na bila kuacha kukata. Kumbe alikuwa anazisikiliza kuliko sisi sote. Siku iliyofuata, banda likiwa limejaa watu, akauliza.

"Baba, hao watu wa chombo wakishaondoka, wale wa kule chini wanakuwaje?"

"Wepi, Mama?"

"Wa kwenye nyota. Juzi ulisema binti mmoja alimpenda kapteni, wakaagana kwa machozi. Wiki iliyofuata?"

"Wiki iliyofuata wanakwenda nyota nyingine."

"Na yule binti?"

Ambakisye akacheka kidogo, kisha akaona anacheka peke yake. "Hawamtaji tena, Mama. Mchezo unaanza upya. Hata kapteni anakuwa kama hajawahi kumwona."

"Hata jina lake?"

"Hata jina."

Shangazi akachukua kitunguu kingine. "Mume wangu alikwenda huko huko kwenu, kwenye shaba. Nilikuwa na umri wa huyu." Akanielekezea kisu bila kunitazama. "Alisema atarudi mvua zikikatika. Pengine kwake wiki ilianza upya. Kwangu haikuanza."

Ambakisye akaweka kisu chini, akaenda zake kwenye lori.

Nilimchukia shangazi yangu siku ile, mwanangu. Nilimfuata mtoni alikokwenda kunawa, nikamwambia amemwaibisha mgeni mbele za watu. Akanawa mpaka akamaliza. Akajifuta kwa kanga yake, ndipo akanijibu.

"Sikukatazi kupanda lori. Lakini nakuuliza. Kila akisimulia, wewe unajiweka ndani ya chombo, naona unavyotabasamu. Umewahi hata siku moja kujiweka chini, ukikitazama kinavyopaa?"

Sikuwa nimewahi. Na nilipojaribu, nimesimama pale pale kwenye mchanga, niliona uso wa shangazi akiwa msichana, na nyuma yake barabara tupu. Nikashindwa hata kumwomba radhi.

Kesho yake Ambakisye hakuja bandani. Siku ya pili akaja, akakaa mahali pake, akaanza mchezo ambao hatujausikia. Chombo kiko mbali, kimeshapita nyota nyingi, kapteni anaamuru kigeuzwe. Wenzake wanakataa, wanamwambia hakuna amri ya kurudi. Anawajibu kwamba kuna mtu kule chini hajui kama sisi ni wazima. Wanarudi. Wanamkuta yule binti nywele zimeshakuwa nyeupe, maana kule chini miaka inakwenda haraka. Anamtazama kapteni, anasema, "Ulikuwa wapi?" Kapteni anaketi chini mavumbini, anamweleza kila kitu tangu mwanzo. Basi, ndiyo mwisho. Hakuna vita wala dude la kutisha.

Wanawake walikuwa wameacha kukata.

Shangazi akasema, "Huo hukuuona kwenye televisheni."

"Sikuuona, Mama."

"Umeutoa wapi?"

"Nilikuwa nimelala chini ya lori, nafungua nati. Nikawa namfikiria yule binti. Nimefikiria sana." Akainua macho. "Na huyu mtoto wako nilimwambia twende wote Kitwe. Nilikosea njia. Naomba niende mwenyewe kwanza, nirudi na wazee wangu."

"Wengi wanasema hivyo."

"Najua."

"Basi nenda," shangazi akasema. "Tutakuona ukirudi."

Kipuri kilifika, lori likaunguruma, likaanza kupanda Kitonga polepole mpaka kona ikalimeza. Nilibaki nimesimama barabarani. Ndipo nilipojua kubaki kukoje. Anayeondoka ana njia, ana kona mpya, ana mlima mwingine mbele. Anayebaki ana sufuria ile ile na banda lile lile, na nafasi ya mtu mmoja iliyo wazi.

Lakini hakuniacha gizani. Malori ya Zambia yalipokuwa yakipita, dereva fulani alipunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani na kupiga kelele, "Ambakisye anasalimia!" Mara nyingine walipita wawili kwa siku, mara nyingine wiki nzima kimya. Tulipanda vitunguu tena, vikaota, tukavipalilia. Kuna wakati salamu zilikatika kabisa, na niliona shangazi anavyonisogezea chakula karibu.

Halafu asubuhi moja alishuka kwenye basi na mjomba wake kutoka Tukuyu, mzee mrefu mwenye koti zito katika joto lile. Mjomba akasema, "Ugonile," shangazi akaitikia, "Kamwene," kila mmoja kwa salamu ya lugha ya kwao, wakacheka wote. Mimi nilikuwa shambani. Nilikuja mbio na jembe mkononi.

Tulioana, tukahamia Mbeya, na huku nimezeekea. Aliendelea kuendesha malori mpaka macho yalipochoka, na hakuna safari aliyokwenda bila kunipelekea neno. Sasa amepumzika kaburini kwao Tukuyu.

Mwaka huu mjukuu wangu Neema aliitafuta kwenye kompyuta michezo ile ya zamani, akaniwekea. Mara ya kwanza kuiona kwa macho, baada ya maisha yote! Neema alicheka mno. Mawe yamepakwa rangi, nyota ni taa, na mtu wa chuma ni mtu aliyevaa bati. Mimi sikucheka. Mambo yote yalikuwepo kama nilivyosimuliwa: watu wawili wenye sura moja, mji wa vicheko, mashine inayotamani kulia. Na chombo kilipoanza kupaa nilimwambia Neema asimamishe picha. Chini kwenye kona alikuwepo mwanamke wa gauni la kung'aa, ameinua mkono.

"Bibi, huyo ni wa kupita tu," Neema akasema. "Hata jina hana."

Nikamwambia, analo. Wao ndio hawakuuliza.

Sasa nisikilize, mwanangu. Najua unataka kuondoka, na safari sikukatazi. Nenda Dar es Salaam, nenda ng'ambo, na kama siku moja vyombo hivyo vitajengwa kweli, panda. Vijana wameumbwa na hamu ya kuona nyuma ya mlima. Ila usidanganyike kwamba ukifika mahali papya maisha ya wengine nayo yameanza upya. Uliowaacha bado wanaendelea na siku ile ile uliyoondoka. Wapelekee neno, hata fupi. Kama huwezi kurudi, sema huwezi, ili mtu apange maisha yake. Usimwache akihesabu mvua. Na ukiahidi, timiza ukiwa bado unatambulika usoni. Na siku ukiwa wewe ndiye unayebaki, usimgeuze anayeondoka kuwa dunia yako yote. Lima, pika, cheka na watu, mpaka mlango utakapobishwa.

Mungu akutangulie, mwanangu, kila uendako. Akupe macho ya kuona mageni bila kusahau ya kwenu, akujalie wenyeji wenye huruma, na akuwekee mtu atakayekuuliza ulikuwa wapi, na muda wa kuketi naye umweleze.