Maswali ya Ng'ombe Aliyoyaruka Binti Yangu

Binti yangu alipoingia darasa la tano, jedwali la kuzidisha alikuwa analijua lote kichwani. Ukimwuliza saba mara nane anakujibu kabla hujafunga mdomo. Shida yake ilikuwa mafumbo, zile hesabu za maneno. Akikutana na habari ya mama aliyekwenda sokoni na machungwa, yeye anatafuta tarakimu tu, anazijumlisha zote, hata kama swali linataka kugawanya.

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Hesabu nimejifunza ukubwani, kwenye masomo ya jioni, huyohuyo binti nikiwa nimembeba mgongoni. Mwalimu wetu wa jioni alikuwa anatuambia kwamba hesabu ambayo hujaishika kwa mkono bado huijui. Basi nikawa namwaga maharage kwenye ungo, tunagawa mafungu, mimi na yeye. Siku mbili alifurahi, ya tatu akachoka.

"Mama, maharage hayana maneno," akasema. "Yanakaa tu."

Nikacheka. Nikamwambia, "Haya, nenda pale zizini kwa babu yako. Hesabu ng'ombe. Wekundu wangapi, weusi wangapi, wenye ndama wangapi. Halafu uje unitungie swali lako mwenyewe."

Nilikosea hapo, na nilijua nakosea. Kwetu huku Tarime mifugo haihesabiwi kwa kidole, wala watoto; wanasema kidole kinaita kifo. Baba mkwe wangu jioni anasimama mlangoni pa zizi, anaangalia wanavyoingia, na akikosekana mmoja anajua ni yupi, mama yake yupi, ana alama gani sikioni. Idadi hujawahi kuisikia mdomoni mwake. Mimi nimeokoka, na mambo ya miiko nilikuwa nasema hayanihusu. Kanisani nimesimama mbele ya akina mama wenzangu nikafundisha kwamba anayemcha Mungu hana cha kuogopa kwenye mila. Lakini mtoto nilimtuma baada ya kuhakikisha mzee ametoka kwenda kwa jirani.

Mzee akarudi mapema.

"Wewe!" nikamsikia. "Hicho kidole kinaenda wapi?"

"Nahesabu, babu. Shikamoo."

"Shikamoo ya nini? Umeona hapa mnadani? Umekuwa dalali siku hizi? Wateja wako wako wapi, tuwape viti?"

Shemeji zangu waliokuwa wanakamua wakaangua kicheko. Mtoto akashusha mkono.

"Nani amekutuma?"

Nilikuwa mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Kwetu mkamwana hamsogelei baba mkwe wala hasemi naye uso kwa uso. Akiwa na neno, analipitisha kwa mama mkwe. Nikajificha kwenye heshima hiyo. Binti yangu aligeuka akaniangalia machoni, akasubiri. Nikaingia ndani kukoroga maji ambayo hata unga sikuwa nimetia.

"Hakuna, babu," akasema. "Ni mimi mwenyewe."

"Basi maziwa ya boma hili usiyaguse mpaka niseme."

Wiki hiyohiyo ndama mmoja akaharisha, siku mbili tu, akafa. Mzee alimwangalia mtoto, ikatosha. Nikamweka binti yangu pembeni, nikamwambia uhai uko mkononi mwa Mungu, ng'ombe hafi kwa kidole cha mtoto. Akaitikia, "Sawa, mama." Asubuhi wenzake wakanywa chai ya maziwa, yeye akanywa ya rangi. Nami nikaimimina ile chai ya rangi kwenye kikombe chake kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilikwenda hivyo karibu mwezi, jioni tukirudia mafumbo ya machungwa mpaka akayashika. Kila siku nilipiga magoti. Nilimwomba Mungu msamaha, tena kwa machozi, wakati aliyenyimwa maziwa ni mtoto, siye Mungu.

Halafu mwalimu wake wa hisabati akaniita shuleni. Akaniwekea karatasi ya mtihani mezani.

"Mama, hebu nisaidie. Machungwa kapata. Vitabu kapata. Basi limetoka saa ngapi limefika saa ngapi, kapata. Sasa tazama hapa, na hapa, na hapa."

Palikuwa peupe. Hakuna hata mstari.

"Yote ya ng'ombe," mwalimu akasema. "Nimemwuliza, ananiambia hayo anaruka. Na huku kwetu mimi nitungie nini watoto waelewe? Meli?"

Nikasoma swali moja. Mfugaji ana ng'ombe arobaini na tano. Theluthi moja ni ndama. Ng'ombe wakubwa ni wangapi? Mtoto wangu wa maharage, swali hilo alikuwa analiweza usingizini. Alama alizozipoteza nilizijua ni zangu.

Nilirudi nyumbani sikuvua hata viatu. Mzee alikuwa amekaa nje, mama mkwe anapepeta mtama karibu yake. Nikasimama mbali, nikainamisha uso.

"Mama, mwambie baba kwamba mtoto hakujituma. Nilimtuma mimi. Na siku ile aliponiangalia nilimwacha."

Mama mkwe akaacha kupepeta. Mzee alisikia, maana tulikuwa hatua nane tu, lakini akangoja mkewe ayarudie neno kwa neno kwa Kikurya. Kusikia kosa langu likitamkwa mara ya pili na mtu mwingine kulinichoma kuliko kulisema.

"Na ulikuwa unajua?" mama mkwe akaniuliza, yeye mwenyewe sasa.

"Nilikuwa najua."

Mzee akakohoa. "Mwambie mke wa mwanangu," akasema akiangalia zizini, "ng'ombe wa kwenye kitabu ni wa kitabu. Mtoto awahesabu mpaka wachoke. Wangu mimi awaache. Na maziwa anywe. Mama yake ndiye asinywe."

"Umesikia?" mama mkwe akaniuliza.

"Nimesikia, mama. Ni haki."

"Ni haki, anasema ni haki. Mwezi mzima haki ilikuwa wapi?" Akarudi kwenye ungo wake.

Binti yangu aliporudi kutoka kuchota maji nikamweleza yote, nilivyosema na nilivyojibiwa. Sikumwambia habari ya shetani wala majaribu. Nilimwambia niliogopa. Nikamfungulia daftari, nikamnakilia lile swali la ng'ombe arobaini na tano. Akashika kalamu.

"Mama, siku ile uliniona nikikuangalia?"

Ningeweza kusema moshi wa jikoni ulikuwa mwingi. Neno hilo lilinijia kabisa mdomoni.

"Nilikuona," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa na jibu lake na amelinganisha. Akaigawa arobaini na tano kwa tatu, akapata kumi na tano, akaitoa, akaandika thelathini. Akapiga mstari chini kwa rula. Hakuniuliza kama ni sahihi. Akafunua ukurasa, akaanza swali lingine peke yake, nami nikakaa palepale pembeni yake, nikisubiri kama ataniuliza.