Jumamosi Ambayo Hakushuka Ruiru

Chumba chetu cha Ruiru kilikuwa hatua kama hamsini kutoka stesheni. Nilipoolewa na kuletwa pale, nilidhani nitapata kichaa. Treni ikipita, vikombe vilitetemeka. Moshi wake ulitua kwenye nguo nilizoanika, na shuka nyeupe nilizopewa na mama yangu zikawa rangi ya jivu kabla ya mwezi kwisha. Tena ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni. Askari wakishuka kufanya msako, mlango wa kwanza kugongwa ulikuwa wetu.

Mama mkwe, tuliyeishi naye, hakuchoka kusema, "Tuhamie Thika. Kule mtaa wa Makongeni mtu analala."

Mume wangu hakutaka. Alishona viatu kwa tajiri mmoja Nairobi, akilala huko wiki nzima, na Jumamosi alasiri treni ilimleta karibu kabisa na jiko langu. Nikisikia honi natia majani ya chai. Kabla haijaiva amefika.

Jumamosi moja treni ilisimama, wakashuka watu watatu tu. Yeye hakuwamo. Mwanamke mmoja mwenye kikapu akaniambia bila hata salamu, "Usimngoje. Leo mjini wanaume wameshikwa, wamepakiwa kwenye malori."

Nilirudi nikamwambia mama mkwe. Hakulia. Aliketi kitandani, akauliza, "Pasi yake ya kuishi Nairobi ilikuwa sawa?"

"Sijui, mama."

Jumapili tulienda kanisani, lakini sikumbuki hata neno moja la mahubiri. Jumatatu sikupika. Kila treni iliyotoka Nairobi niliikimbilia, nikatazama dirisha baada ya dirisha.

Treni ya adhuhuri ilikuwa na gadi, msimamizi wa mabehewa, tuliyefahamiana naye, kwa sababu mara nyingi aliomba maji ya kunywa kwangu. Kabla haijasimama nilimwona ameinama nje ya behewa la nyuma, anapunga mkono.

"Mama! Mzee yuko hai!"

Aliruka chini akanipa karatasi iliyokunjwa, ya pakiti ya sigara. Ulikuwa mwandiko wa mume wangu, wa penseli: *Walinishika. Tajiri wangu amekuja kunitoa. Siwezi kusafiri mpaka nipate pasi mpya. Mwambie mama asife moyo.*

Niliketi kwenye kokoto. Gadi akacheka, akasema, "Sasa simama, mama, treni inaondoka." Nilisahau hata kumshukuru. Nilikimbia nyumbani nikipiga kelele, na mama mkwe akatoka nje bila viatu, akaniomba nimsomee barua ile mara nne.

Jirani yetu wa mlimani, ambaye mumewe alichukuliwa siku ileile, alikaa miezi bila kupata habari zake. Mimi nilikaa siku mbili. Nilimwomba gadi amwulizie mume wake pia. Aliuliza, hakupata jibu. Nikawa naona haya kufurahi mbele ya mama yule, lakini nilifurahi.

Baada ya majuma matatu mume wangu alishuka, amekonda, ndevu zimemjaa. Mama mkwe alimshika mashavu kwa mikono miwili.

"Huko Nairobi hakuna wembe?" akamwuliza.

Kisha ndipo akalia, na sisi tukamwacha alie mpaka akatosheka.