Viazi vya Kusini Yetu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kusini ni moja tu, nayo ni yetu. Nilikuwa nimenunua sufuria la umeme, lile linalopika taratibu kutwa nzima kama halidaiwi na mtu, nikalibeba hadi chumbani kwangu hapa Masasi, nikaingia kwenye simu kutafuta namna ya kulitumia. Kupika nimejifundisha mwenyewe, na aliyejifundisha mwenyewe huogopa kukosea kuliko aliyefundishwa. Nikakutana na maelekezo ya viazi vya kusini, vya kushibisha. Moyo ukaruka. Nikasema, hatimaye na sisi wametukumbuka! Nikateremka nayo nikisubiri kuona korosho. Nikasubiri jani la mgomba. Nilichokiona ni jibini, tena jibini nyingi, na nyama nisiyoila. Kusini yenyewe ilikuwa ya Marekani.

Nilicheka peke yangu mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kisha nikaapa kupika viazi vya kusini yetu humo humo kwenye sufuria la umeme. Nikapanga viazi vitamu, nikatia tui la korosho, nikafunika. Basi, ndugu yangu, kama unanijua, unajua kilichofuata. Nikafunua kuangalia. Nikafunika. Nikafunua kuhakikisha kwamba nimefunika vizuri. Mvuke wote ukaishia usoni kwangu, na jioni viazi vilikuwa vigumu kama vilivyotoka shambani. Ndipo nilipoisikia sauti ya bibi, na lafudhi yake yote ya Kimakonde: "Ntoto, chungu si ngonjwa. Hakijuliwi hali kila saa."

Nilikulia kwa bibi, Kitangari, kwenye uwanda wa juu. Juni ya kule juu ina baridi ambayo watu wa pwani hawaamini ukiwasimulia. Ukungu wa asubuhi unalala mpaka mlangoni, na sisi watoto tulikuwa tunachota joto kwenye majivu ya jana kabla ya kuchota kitu kingine chochote. Viazi vilikuwa vimechimbwa, vimerundikwa pembeni mwa jiko, na korosho za msimu uliopita zilikuwa kwenye debe chini ya kitanda cha bibi. Alikuwa akizichoma na kuzibangua kidogo kidogo. Moshi wake unawasha macho, lakini harufu yake mpaka leo ikinipitia barabarani nasimama kama mtu aliyeitwa.

Maji ndiyo yalikuwa mtihani. Yalipanda kutoka bondeni kwenye madumu, juu ya baiskeli au juu ya kichwa, na kwa bibi hayakumwagwa hivi hivi. Yaliyoosha viazi yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yalioshewa miguu, na yaliyoosha miguu yalikwenda kwa mgomba nyuma ya jiko. Mgomba ule ulikunywa uchafu wetu wote ukanenepa kuliko sisi. "Maji hayamalizwi," alikuwa akisema bibi, "yanapokezana zamu." Kwa hiyo hata viazi alivipika kwa kata moja tu ya maji. Alitandika vijiti ndani ya chungu, chini kabisa, akapanga viazi juu yake, akamwagia tui zito la korosho zilizotwangwa, kitunguu, chumvi na pilipili nzima isiyopasuliwa. Juu alifunika jani la mgomba, juu ya jani sahani ya bati, na pembeni akaziba kwa donge la unga wa muhogo. Halafu alipunguza moto mpaka yakabaki makaa. Kuanzia hapo kazi ilikuwa moja: kukaa.

Na kukaa ndiko kulikonishinda.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa mtoto wa kufuta. Nikiandika herufi ikapinda kidogo nafuta, naandika, nafuta tena, mpaka karatasi inatoboka, halafu nalia kwa sababu ya tundu. Mwalimu wa kwanza alinichapa kwa matundu hayo. Wa pili alinicheka. Wa tatu, dada mmoja kijana aliyetoka Bukoba, aliinama juu ya daftari langu, akaondoa mkono wangu wenye ufutio taratibu, akasema, "Iache hivyo hivyo. Nimeisoma, nimeielewa." Tangu siku hiyo nilimpenda kama ndugu.

Lakini walimu wa mbali walikuwa hawakai kwetu. Walikuja na sanduku, wakabeba maji wiki chache, wakaaga kwa likizo ya Juni, basi. Na kwa huyu dalili zilikwisha kuonekana. Jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika hadi kijiji cha Mnyambe, alikuja jikoni akiwa amebeba ndoo mbili za bluu.

"Mwalimu kanipa," akasema. "Eti zimekuwa nyingi."

Bibi aliacha kutwanga. "Kagawa ndoo?"

"Kagawa ndoo."

Walitazamana. Hata mimi nilielewa. Huku kwetu mtu anaweza kugawa nguo, anaweza kugawa hata kuku. Anayegawa ndoo harudi.

Bibi akaniita kwa jina alilonipa tangu nimezaliwa. "Mume wangu, kamwambie mwalimu kabla hajasafiri aje ale kwetu Jumamosi. Mwambie viazi. Mtu haachi nyumba aliyoshiba akaisahau."

Jumamosi hiyo niliamka kabla ya kuku. Kichwani kwangu jambo lilikuwa limeshakamilika: viazi vikitoka vizuri, mwalimu atarudi. Vikiharibika, nitarudishwa kwa watu wa kuchapa. Bibi alipanga chungu, akaziba, akatoka na jirani kwenda kuanua mbaazi, akaniachia kulinda makaa. "Kulinda tu," alisisitiza. "Usikiguse."

Nilikaa. Nikasikia chungu kimenyamaza. Nikaona kimya si cha kawaida. Nikabandua donge la unga upande mmoja, nikainua jani, mvuke ukanipiga usoni, nikaona viazi vipo. Nikaziba. Baada ya muda nikawaza, labda vya chini vinaungua. Nikabandua tena. Unga ukaanza kukauka na kukatika, nikaulowesha kwa mate, jani likachanika, nikaligeuza, upande mzima ukawa mfupi. Kila nilipotengeneza nilizidi kuharibu. Lilikuwa lile lile tundu la daftari, ila hili lilitoa mvuke.

"Hodi hodi!"

Mwalimu alikuwa mlangoni, kavaa kitenge cha kusafiria. Nyuma yake walikuwa bibi na jirani na ungo wa mbaazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita, chakula tayari." Bibi akafunua chungu na kuchoma kiazi kwa kijiti. Kijiti kikagoma. Akachoma cha pili. Kikagoma. Akanigeukia. Unga wa muhogo ulikuwa umenijaa mpaka puani, hakuna aliyehitaji kuuliza.

"Nilikwambia, dada," jirani akamwambia bibi, akapasua kicheko. "Mume kijana ana papara!"

Mimi sikucheka. Machozi yalikuwa yamefika kwenye kidevu. Nilimwona mwalimu akitazama jua, nikajua anahesabu muda, anatafuta maneno ya kuaga kwa heshima. Ila macho yake yakashuka kwenye lile jani lililochanika, yakabaki pale.

"Bibi," akasema, "hapa mnafunika kwa jani la mgomba?"

"Tufunike kwa nini tena? Mgomba si huo?"

Mwalimu alivua viatu. Akakata jani zima nyuma ya jiko, akalipitisha juu ya makaa mpaka likalainika na kung'aa, akapiga magoti kwenye majivu na kitenge chake cha safari. Akalikunja kuzunguka mdomo wa chungu, akachomeka ncha chini, akaongeza la pili likiuma la kwanza. Mikono yake ilikwenda haraka bila yeye kuiangalia.

"Kwetu mama anafunika ndizi hivi hivi," alisema. "Akimaliza, hewa haitoki."

Jirani aliinama akakagua, akapigapiga jani kwa kidole kama anayenunua ngoma. "Kumbe na nyie ni watu!"

Mwalimu alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile shuleni, kicheko cha mtu aliyeko nyumbani, cha kuegemea ukuta. Na kwa kuwa viazi vilitaka kuanza upya, hakukuwa na la kufanya ila kukaa. Jirani alikimbia kwake akaleta ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini tunayokula kwa chumvi na pilipili.

"Hii ni mizizi?" mwalimu akauliza, ameishika kwa ncha za vidole.

"Mizizi ndiyo. Ule, na wewe uote hapa hapa."

Alikula. Akabangua korosho na bibi, akavunja nyingi kuliko alizotoa nzima, na kila aliyoivunja alinipa mimi nile, akisema vipande ni vya wasaidizi wa moto. Alisimulia mvua ya kwao isiyojua kukatika, bibi akasema hayo sasa ni majivuno. Alijifunza kuamkia kwa Kimakonde na jirani akamfundisha makusudi neno ambalo si la kuamkia, bibi akamrushia jirani ganda la korosho.

Jua lilipoanza kulala, bibi alifunua. Ile harufu siwezi kukuandikia. Viazi vilikuwa vimenywa tui lote, vimekuwa rangi ya asali, vinakatika kwa kuviangalia tu, na huku chini vimeshika kidogo, pale ambapo watoto hugombania. Tulikula kwenye sinia moja. Hatukuinua mikono mpaka sinia ilipoonyesha maua yake ya chini.

Mwalimu alisafiri kesho yake. Shule ilipofunguliwa, Jumatatu meza yake ilikuwa tupu, na mimi nilifuta ukurasa mzima. Jumanne nilisikia mtu nje ya darasa akiulizwa habari za safari. Alikuwa mwalimu, na vumbi mpaka kwenye kope, na mkononi mkungu wa ndizi nusu umeshaiva njiani. Akatufundisha mpaka nikamaliza la saba.

Mengi hayapo tena. Bibi tulimzika, na chungu chake kilipasuka msiba ule ule, kikiwa kimepikia watu wengi kuliko kawaida yake. Jirani yuko kwa mwanawe Newala mjini, nasikia hata mjini wanamsikia. Jiko limekuwa la bati, mgomba umekatwa, na korosho watu wanauza zote, kuzitwangia tui inaonekana ufujaji. Mwalimu alirudi kwao kumtunza mama yake, na kila Idi hunitumia salamu ya sauti ndefu, ambayo naisikiliza yote.

Mimi bado nina wasiwasi, sitakudanganya. Nikiandika kitu kama hiki nakisoma mpaka maneno yananichoka. Lakini zamani nilikuwa sikaribishi mtu chumbani kwangu mpaka chakula kiwe kimeiva na meza imefutwa. Siku hizi nawaita mapema, wakute viazi bado vigumu.